Papa alisema waniache

"Sisi tulitaka kuja, dada. Papa yako ndiye alitukataza."

Kijana aliyeniambia hivyo alikuwa ananipimia sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Hakusema kwa ubaya. Aliongeza hata kiganja kimoja juu ya kopo, kama wanavyofanya kwa mteja wanayemjua. Nikalipa, nikashika njia ya mlima kurudi nyumbani, na maneno yale yakapanda nami. Wiki hii yaya, dada yangu mkubwa, amejifungua mtoto wa kike, shuleni tumefunga muhula, umeme umekatika ukarudi ukakatika tena, na katika yote hayo nasikia sauti ya kijana yule tu. Papa yako ndiye alitukataza.

Alisema siku ile mashua yangu ilipopinduka ziwani walikuwa wameshasukuma pirogi, mtumbwi wao, majini, mota imewaka, mwenzake ameshika usukani. Papa akaingia majini akashika ukingo wa pirogi kwa mikono miwili. "Mumuache," akawaambia. "Bado yuko na mashua."

Mashua yenyewe ni Laser, mashua ndogo ya tanga. Papa aliachiwa na wazungu aliokuwa akiwatunzia vyombo vyao, ikiwa na tumbo lililopasuka, akaiziba mwaka mzima nyuma ya nyumba. Urefu wake mita 4.23, tumbo lake peke yake kilo kama 59, tanga moja la mita za mraba 7 na kidogo, nafasi ya mtu mmoja. Imetengenezwa ili ikipinduka mtu yule yule mmoja aisimamishe. Hilo Papa alinifundisha kabla hajanifundisha kwenda nayo mbali: aliilaza kwenye maji matulivu, kwa makusudi, mpaka mikono yangu ikajua cha kufanya bila kuniuliza.

Siku ile wingu lilikuwa juu ya kisiwa cha Idjwi tangu saa nane. Mtu wa Bukavu analijua wingu lile. Mvua inaweza kuchelewa lakini upepo wake hutangulia. Nilikuwa nje kidogo ya La Botte, rasi ya mji wetu, narudi, upepo uko mgongoni. Ulipokuja kwa nguvu nilifungua kamba ya tanga ili upepo upite, mti wa chini wa tanga ukaingia ndani ya wimbi, na mashua ikalala palepale.

Maji ya Kivu si baridi ya kumuua mtu, na mamba hawamo. Kinachoua huku ni nchi kavu inayoonekana iko karibu. Mtu anaona nyumba, anaona nguo zimeanikwa, anaacha chombo na kuanza kuogelea, na mawimbi yanamaliza mikono yake kabla hajafika popote. Papa hurudia jambo hilo kila mara: chombo kilichopinduka kinaonekana kutoka mbali, kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani. Kwa hiyo kabla sijafikiri kitu kingine mkono wangu ulikuwa kwenye kamba.

Nikazunguka upande wa tumbo. Ubao mrefu unaopita katikati na kushuka majini, ule Papa anaouita derivi, ulikuwa umetokeza pembeni. Mwaka huu wanafunzi wangu wa darasa la nne wamenisikia nikiwafundisha nguvu na umbali hadi wamechoka: mzigo mdogo ukikaa mbali na mhimili unashinda mkubwa uliokaa karibu. Nilipanda nikasimama juu ya derivi, kwanza karibu kabisa na tumbo ili usivunjike, nikashika ukingo wa juu, nikajilaza nyuma kwa uzito wangu wote. Mlingoti ukaanza kupanda. Lakini tanga lilikuwa limelala upande unakotoka upepo, na lilipotoka tu majini upepo ukaingia chini yake, ukalirusha juu ya kichwa changu hadi upande wa pili. Nikajikuta chini ya tanga, kwenye giza la kijani, kamba imezunguka mguu.

Sehemu hiyo siwezi kuieleza vizuri. Nilisukuma tanga kwa kiganja, hewa ikaingia, nikavuta pumzi. Nikafungua mguu taratibu, maana kamba ukiivuta kwa haraka inakaza.

Halafu nikaogelea hadi kwenye pua ya mashua nikaning'inia hapo. Nilifanya hilo tu, kuning'inia. Mtu akishika pua anakuwa nanga: upepo unasukuma mashua yote, pua inabaki nyuma kwa sababu ya uzito wake, na polepole chombo kinageuka mpaka kinautazama upepo. Mawimbi yalinipiga usoni, nikafunga mdomo nikayaacha yapite. Pua ilipoelekea Idjwi nilirudi kwenye derivi, nikahakikisha kamba ya tanga iko huru kabisa, nikajilaza nyuma tena. Tanga lilipofika juu ya maji sikulazimisha. Nilisubiri maji yamwagike kutoka kwenye kitambaa, maana maji hayo ni mazito kuliko tanga lenyewe. Yakamwagika. Mashua ikainuka kwa ghafla, nikajitupa ndani kifudifudi, tanga likawa linapigapiga hewani bila kunidhuru, na mimi nikabaki hapo chini nikicheka na kulia kwa pamoja.

Nilipofika ufukweni Papa alisema, "Mama, vua hiyo jile, nenda uoge," yaani jaketi la kuokolea. Akafunga mashua. Usiku tukala ugali na sambaza, akazungumza habari za yaya na hospitali.

Ndiyo maana maneno ya kijana yaliniingia vile. Sisi wa Kivu hatuna haja ya kuelezwa maana ya kusubiri. Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaitazama kutoka bandarini. Tangu siku ile chombo kikiyumba tu, wavuvi wetu wanawasha mota kabla hawajaulizana ni nani. Na baba yangu mzazi akawashikia pirogi.

Alhamisi nikamuuliza tukiwa mezani. "Papa, ni kweli uliwakataza wale vijana?"

"Walikuwa na mota."

Nikangoja.

"Na wewe ulikuwa na mashua," akasema, akaomba chumvi.

Nimeyageuza majibu hayo kila upande. La kwanza ni sahihi kabisa. Pirogi nzito ya mbao ikirushwa na wimbi juu ya mtu aliye majini inamvunja mbavu, na mota ikikutana na mita zile za kamba zinazoelea inazivuta, pamoja na mguu ulio ndani yake. Wangefika dakika ileile niliyokuwa chini ya tanga. Lakini sikuuliza ili nipate somo la mota. Nilitaka kujua alikuwa anahisi nini aliposema waniache, na hilo mtu haombi kwa Papa akalipata mezani.

Jumamosi asubuhi kijana wa sambaza akaja nyumbani. Nikadhani ameleta samaki. Akasalimia, akasimama karibu na mlango, akamwambia Papa kwamba amekuja kwa ajili ya yale mafuta.

"Mafuta gani?" nikauliza.

"Ya mota," akasema kijana. "Papa alisema tusizime. Tulikaa pale inawaka mpaka ukapanda."

Alikuwa ameniambia nusu ya habari kule sokoni. Papa aliwazuia wasiondoke na akawazuia wasizime. Aliingia majini mpaka kifuani, mkono mmoja kwenye pirogi, akiwaambia kila mara: akiachia mashua mnaenda, akiachia tu. Nani asiyejua bei ya lita moja mjini hapa? Papa akaingia chumbani, akatoka na franga zilizokunjwa, akalipa yote bila kubishana, yeye anayebishania hata bei ya makaa. Hakunitazama. Nami sikumtazama, nikaenda nyuma ya nyumba nikaanza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Nimefurahi, jamani. Sijui niandikeje zaidi ya hapo. Nimefurahi siku nzima, hata makaratasi ya mtihani nimeyasahihisha kwa mkono mwepesi, na wapo watoto watakaopata pointi ambazo siku nyingine nisingewapa.

Jioni mama mdogo akapiga simu kutoka Kadutu. Mvua ya jana imekula tena ukingo wa korongo nyuma ya nyumba yao, na ukuta wa chumba wanacholala watoto umeonyesha ufa unaopita mkono wa mtoto. Fundi amesema wanaweza kuweka mifuko ya mchanga. Mimi mifuko hiyo siiamini, udongo ule ukishalowa unaondoka wote kwa pamoja. Kesho baada ya misa napanda kuona, na ikibidi nirudi na watoto hapa nyumbani, ingawa tayari yaya na kichanga wake wamechukua chumba changu.