Baada ya saratani, usiuamini mzani peke yake

Matibabu yakiisha, hofu kubwa ya mtu ni ugonjwa kurudi, na ana haki ya kuogopa. Lakini kuna mabadiliko mengine yanayokwenda kimyakimya: sukari na shinikizo la damu hupanda, mafuta hujazana tumboni, misuli hupukutika. Tibakemikali huchangia, na steroidi zinazotolewa kuzuia kichefuchefu, kama deksamethasoni, hupandisha sukari. Mwanamume aliyezimiwa testosteroni (homoni ya kiume) kwa ajili ya saratani ya tezi dume hupoteza misuli na kuongeza mafuta ndani ya miezi michache. Uzito unaweza kubaki uleule wakati ndani mwili umeshabadilika.

Kwa hiyo anza na vipimo vitano: kiuno, shinikizo, sukari kabla ya kula, trigliseridi (mafuta yaliyo kwenye damu) na kolesteroli nzuri (HDL). Dalili za hatari ni kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanamume, shinikizo la 130/85 au zaidi, sukari ya 100 mg/dL au zaidi, trigliseridi 150 au zaidi, na kolesteroli nzuri iliyo chini ya 50 kwa mwanamke au 40 kwa mwanaume. Ukikutwa na tatu kati ya hizo, zungumza na daktari wako.

Sasa mazoezi. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, haifanyi kazi vizuri, na baada ya hapo huendelea kuitikia insulini vyema kwa siku moja au mbili, kisha faida hiyo hufifia. Ndiyo sababu mazoezi ya Jumamosi pekee, hata yawe makali namna gani, hayatoshi. Usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote.

Jopo la kimataifa lililoitishwa na American College of Sports Medicine, jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa tiba ya michezo, lilipendekeza mwaka 2019 kwa waliougua saratani kutembea haraka au kuendesha baiskeli dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: seti mbili za marudio 8 hadi 15. Aliyechoka sana aanze na dakika 10, aongeze tano kila wiki. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo, hasa kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo.

Mazoezi ya nguvu ndiyo wengi huyaruka, na ndiyo yanayorudisha misuli iliyopotea. Inuka kitini bila kushika, sukuma ukuta, vuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani, panda na kushuka kidato kimoja. Ukifikisha marudio 15 katika seti zote mbili na bado una nguvu ya mawili zaidi, ongeza uzito kidogo tu.

Waliofanyiwa upasuaji wa titi huambiwa mara nyingi wasibebe kitu. Utafiti wa mtafiti wa Marekani Kathryn Schmitz na wenzake wa mwaka 2009, kwa wanawake waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono, ulionyesha kwamba kunyanyua uzito unaoongezwa polepole, kwa usimamizi, hakukuongeza uvimbe huo. Walivaa kitambaa cha kubana mkono wakifanya mazoezi. Msisitizo uwe kwenye neno polepole.

Yapo ya kuchunga kwa dhati. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, usijikunje wala kujipinda kwa uzito kabla mtaalamu hajakagua. Miguu ikiwa na ganzi, baiskeli isiyosogea ni salama kuliko kutembea. Aliyepewa doksorubisini au trastuzumabu, dawa za saratani zinazoweza kudhuru moyo, aulizie kipimo cha moyo. Ukiwa na homa, pumzika. Anayetumia insulini apime sukari kabla. Ikiwa chini ya 90, ale kitu chenye wanga kwanza.

Rudia vipimo baada ya wiki 12. Usipime damu siku inayofuata zoezi zito, kwa kuwa trigliseridi huweza kushuka kwa muda na kukupa picha nzuri kuliko hali halisi. Kiuno pima mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, utepe ukiwa umelala sawa kuzunguka juu ya mfupa wa nyonga, na kila mara mahali palepale.