Kutoka Gottorf hadi Thorsberg: nchi walikotoka Waangli

Nikiwafuata Waangli, kabila la kale lililohamia Uingereza katika karne ya tano na kuipa jina lake, nilianzia ngome ya Gottorf mjini Schleswig, kaskazini mwa Ujerumani, ambayo sasa ni makumbusho, na ndio mpango bora. Ukitangulia kinamasi cha Thorsberg utakuta kidimbwi na miti tu; vitu vya kale vilivyofukuliwa humo kati ya 1858 na 1861 viko Gottorf.

Nenda kwanza kwenye mashua ya Nydam, iliyopewa jina la kinamasi ilimofukuliwa. Ni ya mwaloni uliokatwa karibu mwaka 320, urefu mita 23 hivi, makasia 15 kila upande. Haina mlingoti wala tanga. Chungulia ndani: mchongaji aliacha vinundu kwenye kila ubao, akavitoboa, na mataruma yakafungwa hapo kwa kamba za magome ya mti. Anayeujua mtepe wa Lamu, ule wa mbao zilizoshonwa kwa kamba, ataona undugu, ila hapa ubao na ubao vimeshikwa kwa misumari ya chuma. Wembamba wake usikudanganye, kwani mbao zilisinyaa baada ya kutolewa topeni mwaka 1863. Wala haikuvusha wahamiaji: ilizamishwa kama sadaka karibu karne moja kabla ya Waangli kuvuka kwenda Uingereza.

Kwenye makabati ya Thorsberg kuna suruali ya sufu iliyoshonewa soksi zake humohumo, na vitanzi vya mkanda. Panga, lakini, hazina bapa. Asidi ya kinamasi kile ilikula chuma ikahifadhi nguo. Nydam, ambako maji si makali hivyo, chuma ndicho kilichosalia.

Kutoka Schleswig hadi Süderbrarup, kilipo kinamasi cha Thorsberg, ni kama kilomita 20, vilima vifupi na mashamba yenye nyua za miti. Eneo hili, kati ya hori ya Flensburg na ile ya Schlei, bado linaitwa Angeln. Mreno alisema *inglês*, pwani yetu ikatoa Mwingereza: jina limetoka kwenye mashamba haya.

Tacitus, mwandishi wa Kirumi, aliwataja Waangli mwaka 98, miongoni mwa waabudu wa mungu wa kike Nerthus. Beda, mtawa na mwanahistoria wa Uingereza, mwaka 731 aliandika kwamba nchi yao ilibaki tupu. Huenda alitia chumvi, lakini chavua iliyohifadhiwa kwenye matope inamuunga mkono: nafaka zinapungua, msitu unarudi. Upande wa pili wa bahari, Spong Hill huko Norfolk, vimechimbwa vyungu zaidi ya 2,000 vya majivu ya maiti, vingi vikifanana na vya huku.

Bonde la Nydam lenyewe lisikuchanganye: liko Denmark. Vita vya 1864 vililipeleka Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, mwaka 1920 likarudishwa Denmark, mashua ikabaki Ujerumani.