Begi la rubani lilivyopata nafasi kwenye Caravan
Kwenye Caravan, ndege ndogo za abiria zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara, begi la rubani kama mimi husafiri katika sanduku la mizigo chini ya tumbo la ndege. Vijana wa mizigo walikuwa wakilisukuma ndani kwanza, kwa hiyo nikilala kambini nangoja mabegi yote ya watalii yashuke ndipo nipate mswaki. Kuliweka nyuma ya kiti bila kulifunga? Hewa ikichafuka litakupiga kisogoni.

Nilinunua begi laini Gikomba, maana gumu halijipindi, fundi akaimarisha zipu kwa uzi wa viatu. Nikafunga utepe wa manjano mkononi mwa begi, nikamwambia mkubwa wa vijana wa mizigo: “Kaka, hili liingie mwisho, karibu na mlango.” Dawa na betri ya kuchajia simu nabaki nazo. Kilo za begi, bila shaka, zinaandikwa kwenye hesabu ya uzito wa ndege.