Mjomba wangu wa Newala na maonyesho ya gemu ya Köln

Ikifika mwisho wa Agosti simu yangu inakuwa ya madogo wa Chikongola, mtaani kwetu Mtwara, sio yangu tena. Voisi juu ya voisi. Broo umeshaingia? Broo tupia video basi. Broo FIFA mpya imekaaje? (Haiitwi FIFA tena tangu 2023, walishaachana na wenye jina lao, sasa ni EA Sports FC, ila nenda kibanda chochote cha PS (PlayStation) pale Mtwara uombe FC uone watakavokutazama.) Wanajua mi naishi Köln, Ujerumani, na Köln ndo inafanyika gamescom, basi imetosha, hakuna anayeuliza habari za kazi wala baridi.

Kwa ambao hawaijui, gamescom ni maonyesho ya gemu ya kila mwaka na ukihesabu watu wanaoingia ndo makubwa kuliko yote duniani. Wajerumani walianza na ya Leipzig, hiyo 2002 mpaka 2008, 2009 ndo wakaja na hii ya Köln kwenye kumbi za Koelnmesse, upande wa pili wa mto Rhine ukitokea kanisa kuu. 2019 waliingia watu 373,000. Korona ikaja, 2020 na 2021 ikawa ya mtandaoni tu, watu wakadhani ndo basi, mwaka 2025 wakafika 357,000. Manispaa yote ya Mtwara Mikindani, ujumlishe na Naliendele yake, haifiki nusu ya hao, na hao wote wanaingia ndani ya siku tano.

Mi sikuanza kwa kukata tiketi. Niliingia kama kibarua, kazi za muda wanafunzi wanazozijua, unapewa fulana na kibao kirefu kimeandikwa kuanzia hapa ni masaa matatu, unasimama nacho mwisho wa foleni. Ndo kazi yenyewe hiyo. Masaa matatu mtu anasubiri ili acheze gemu ambayo haijatoka bado, acheze dakika ishirini hivi, atolewe, aende akapange foleni nyingine. Na wanakaa kwa amani kabisa, wamekuja na vistuli vya boksi vya kukunja, wanakula mkate, wengine wanacheza gemu kwenye simu huku wanasubiri gemu. Nikawaambia madogo hilo, wakacheka sana, maana kibandani kwao ukisubiri mechi mbili tu kelele zinaanza na mwenye kibanda anatishia kuzima luninga. Halafu kuna suala la umri, mlangoni unafungwa mkanda wa rangi mkononi kulingana na miaka yako, gemu ya kuuana ya 18 wameizungushia ukuta kabisa, dogo wa 15 hachungulii. Pale Chikongola mtoto wa darasa la nne anapiga watu risasi huku kashika muhogo wa kuchoma.

Sasa kilichonifanya niandike sio gemu, ni mjomba.

Niliweka picha kwenye grupu la familia. Sio za gemu, za watu waliovaa, kosplei wanaita, yaani mtu anajigeuza mhusika wa gemu au katuni kuanzia unyayo mpaka utosini. Asubuhi kwenye treni inayovuka daraja kuingia Deutz unakaa na bibi wa Kijerumani kashika kikapu chake, pembeni yake kuna jitu lina mapembe na mabawa limeshikilia bomba lisianguke, na bibi hashtuki. Nikatupia kama kumi hivi nikalala. Kuamka nakuta mjomba wa Newala kajibu, na mjomba hajibugi vitu vya grupu, hasa Agosti akiwa anahangaika na salfa kwenye mikorosho.

Kaandika: "Hao midimu wa huko ngoma yao iko wapi?" Midimu ni wale wachezaji ngoma wa Kimakonde wanaovaa vinyago.

Nikampigia. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za huko, mikorosho imetoa maua vizuri. Akapita kwanza kwenye swali lake la siku zote, mjusi wetu umeenda kumwona? Mtu yeyote wa kusini ukimwambia uko Ujerumani lazima akuulize mjusi, yaani dinosau, yule wa Tendaguru kule Lindi aliyechimbwa 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na watu vichwani mpaka bandarini. Nikamwambia mjomba yule yuko Berlin, mi niko Köln, ni kama masaa manne na zaidi kwa treni. Akaguna. Ila kwenye maonyesho pia kuna mijusi, kuna watu wanavaa mavazi ya kujaza upepo ya mjusi mkali wa Marekani, yule mwenye vikono vifupi, wanayumba nayo kwenye korido. Mjomba akasema wetu mkubwa zaidi. Na kweli wa kwetu kasimama mita 13 na ushee.

Haya, tukarudi kwenye midimu. Mjomba aliwahi kucheza, hilo familia nzima inajua ingawa hakuna anayelisema mbele za watu, na mi mwenyewe nimepita jandoni kwa hiyo kuna mambo nayaacha yalivyo, wenye kujua wanajua. Lakini la wazi ni hili, kinyago kinapotoka na ngoma inalia, mwanamke na mtoto ambaye hajaingia jando hawatakiwi kujua ndani kuna nani. Kwao yule sio baba fulani, ni mzimu. Mwili wote umefungwa nguo, kichwani lipiko, yaani kinyago chenyewe, la mti mwepesi lililochongwa likawa jembamba, lina nywele za watu kabisa, na anayecheza anaonea mdomoni.

Kwa hiyo mjomba alianza na ufundi. Hicho kichwa cha jitu wamechonga mti gani? Nikamwambia sio mti, ni ule mpira laini wa kandambili, wanakata, wanapasha moto ukunje, wanapaka rangi ya chuma. Akaelewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa mara ya kwanza, akasema ndio, lazima kiwe chepesi, kizito kinakuvunja shingo hujamaliza hata mzunguko mmoja. Silaha je? Zinakaguliwa mlangoni mjomba, panga la kweli haliingii. Akakubali.

Halafu akauliza, na huyu aliyekaa chini? Nikaangalia picha. Ilikuwa ya shujaa wa chuma, vazi zuri sana pengine mwaka mzima kalitengeneza, kakaa kwenye zege karibu na vyoo, kichwa kakiweka pembeni, anakula chipsi. Uso wote nje, jasho linamtoka.

"Kavua mbele ya watoto?"

Nilicheka, mjomba hakucheka. Nikajaribu kumweleza kwamba huku wanavua, na watu wanamfuata wanamuuliza umeshona mwenyewe, umetumia gundi gani, na yeye anafurahi na anataja jina lake, na nusu ya wanaovaa ni wanawake, na kila mahali kuna tangazo kwamba usimguse mtu wala usimpige picha bila kumuomba. Hilo la kuomba alilipenda. Hayo mengine akasema basi hao wamevaa nguo tu.

Nimelifikiria sana hilo, maana nimesimama na kibao changu nikiwatazama siku nzima na kwa kweli mjomba kaona kitu. Yule wa Köln anataka umjue, sifa ni yake. Wa Newala akisifiwa, kasifiwa mzimu, yeye kesho yake anakutana na wewe dukani ananunua chumvi na hamna neno. Siwadharau wa huku, kazi ya mikono yao inatisha, ila ule ubaridi wa mgongoni niliokuwa naupata nikiwa mtoto kinyago kikitokea sijawahi kuupata kwenye ukumbi wowote wa Koelnmesse.

Tatizo ni kwamba madogo nao wamo kwenye grupu. Mmoja wao, mtoto wa dada, akaja na wazo, kibanda chao kinaandaa mashindano ya FC siku ya Idi, yeye ataingia amevaa lipiko na fulana ya Yanga. Mjomba alituma voisi ya sekunde kama nne, sitaiandika hapa. Dogo akabisha, mbona Mwenge Dar vinyago vya Kimakonde wanauziwa wazungu kila siku na hamsemi? Swali zuri, nikakaa kimya nisikilize. Mjomba akajibu kile cha Mwenge hakijachezwa, kimechongwa kiuzwe, mzungu akining'inize sebuleni kwake hajafanya kitu. Ukikivaa ukaingia nacho watu wakiwepo, hapo umeshaanza kucheza, na wewe mambo ya ngoma huyajui.

Nikawa upande wa mjomba. Dogo kanuna siku mbili, sasa kasema atavaa Mario, yule fundi bomba wa kwenye gemu, ovaroli kapeleka kwa fundi, kofia nyekundu anayo, masharubu bado, na kanitumia orodha ya gundi anazozitaka kutoka Köln kwa sababu anadai ya Mtwara haishiki kwenye jasho. Nimemwambia anunue ya fundi viatu.