Boti Iliyoshuka Ngomo

Kiangazi cha 2014, karakana niliyokuwa nikijifunzia kazi Bukavu iliuza boti ya faiba kwa mama mmoja wa Uvira, mji ulio ufukoni mwa ziwa Tanganyika, mfanyabiashara wa samaki. Ilikuwa boti ya mita sita, mota Yamaha ya farasi 40, na rangi ndiyo kwanza imekauka: nyeupe juu, buluu chini, katikati mstari mwekundu ambao fundi mkuu aliupiga kwa mkono huku akitufukuza sote tusimpumulie karibu.

Kazi ikawa kuifikisha. Maji ya ziwa letu la Kivu huenda Tanganyika kwa mto Ruzizi, lakini mto huo una maporomoko na mabwawa ya umeme, hakuna anayepitisha boti humo. Inabidi iende kwa barabara, juu ya tela. Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika 770 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka kwenye kona za mlima Ngomo. Sambaza, wale samaki wadogo tunaowala Bukavu, walikuja kwa kupanda: Wabelgiji waliwatoa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakawamwaga huku Kivu. Fundi akawa anasema tunakwenda kulipa deni la sambaza.

Njia ya Rwanda, ya kupitia Bugarama, ina lami, na abiria wengi wa Uvira walikuwa wakiipendelea. Lakini kuvusha boti mipaka miwili, na karatasi zake zote, ni gharama ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba. Tukaamua kushuka na Ngomo.

Ndipo ubishi ukaanza: ifunikwe kwa shitingi, lile turubai la mizigo, au isifunikwe?

Mama alikuwa ameshatoa uamuzi wake kwa simu. "Mwanangu, nimenunua kitu kipya. Msiniletee vumbi. Mkifunike."

Shofa, yaani dereva wetu, hakutaka hata kusikia. Alikuwa mtu wa barabara hiyo, miaka mingi anashusha mizigo na kupandisha maharage. "Fundi, shitingi ikikamata upepo inapiga. Ikipiga, inakula rangi. Halafu kila barieri ya barabarani watataka kuona nimeficha nini. Boti ikiwa wazi, wanaona boti, wanacheka, tunapita."

Fundi aliwasikiliza wote wawili. Jibu lake lilikuwa moja, na mpaka leo naliona ndilo la maana: shitingi ikikazwa kama ngozi ya ngoma inalinda, ikilegea, heri boti iende uchi. Tatizo ni kwamba hatukuwa na kifuniko kilichoshonwa kwa umbo la boti ile. Tulikuwa na shitingi ya shofa, ile anayofunikia magunia, yenye pete za chuma pembezoni, na ya kufungia tulikuwa na mipira iliyokatwa kwenye shambeya, zile tyubu za ndani ya matairi. Kila mtu Bukavu anafungia mipira hiyo, kuanzia pikipiki mpaka Fuso. Gunia la mihogo inalishika vizuri sana. Lakini mpira unavutika, ndiyo kazi yake, na kitu kinachovutika hakiwezi kukaza shitingi safari nzima. Fundi alilisema hilo. Mikanda ya kukaza kwa mtambo ilikuwepo mjini, ila bei yake haikuwa imo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Alichokataa katakata ni petroli. Tanki la boti lilitolewa, likamwagwa, likabaki karakana. Mama angenunua jipya kwake. Mvuke wa petroli chini ya kifuniko, kwenye joto la bonde la Ruzizi, haujui utani. Hakuna aliyebisha. Njia yetu ilikuwa inapita Sange, ambako mwezi wa Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka likawaka, wakafa zaidi ya watu 200, wakiwemo waliosogea kuchota. Fundi akatoa pia kizibo cha chini, maji yakiingia yapate pa kutokea, akainua mota na kuiwekea gogo ili isirukeruke kwenye mashimo. Kizibo alinikabidhi mimi. Nilikitia mfuko wa shati na kukishika njia nzima.

Tulitoka Panzi, hapo hapo Bukavu, alfajiri. Hadi Nyangezi hakuna cha kusimulia.

Ngomo ni barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ukuta, upande mwingine huna haja ya kutazama. Tulishuka kwa gia ya kwanza. Kwa mwendo ule shitingi ilitulia kabisa, na vumbi, lile vumbi la kiangazi linaloingia hadi kwenye meno, lilibaki juu yake. Kwenye kona moja tukakutana na lori linapanda limesheheni. Tukajibana ukutani. Lilipotupita, matairi yake ya nyuma yakarusha mawe. Moja likaja kutua mbele ya boti, pale pale nyuma ya shitingi palipo na kioo. Tukasikia "pu!". Nilishuka kutazama: shitingi ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, kioo chini yake kizima, hakina hata mkwaruzo.

Fundi alimtazama shofa. Shofa akawasha sigara.

Kama safari ingeishia Kamanyola, Mama angekuwa ameshinda. Lakini baada ya Kamanyola ni bonde, njia imenyooka, joto limepanda, na shofa aliyekuwa ametambaa asubuhi nzima akakanyaga. Luvungi tuliipita mbio. Mlio ulianza mdogo, upande wa kulia nyuma: pa, pa, pa. Kisha ukawa mfululizo. Fundi aligonga dirisha, "Punguza, punguza," lakini upepo ulikuwa umeshaingia chini na shitingi imevimba yote.

Tulisimama Sange. Mipira miwili ilikuwa imelegea, na pete moja ya chuma ilikuwa imepiga pahali pamoja kilomita zote hizo. Kwenye ukingo wa boti kulikuwa na alama ya ukubwa wa kiganja: rangi imekwenda, mstari mwekundu umekatika, faiba inaonekana. Pembeni yake vumbi lililoingia chini ya shitingi lilikuwa limesugua rangi kila nguo ilipotikisika, mpaka mng'ao ukafa.

"Nilisema," shofa akasema.

"Ulisema isifunikwe," fundi akamjibu. "Kioo kingekuwa wapi sasa?"

Waliendelea hivyo huku mikono yao inafanya kazi, maana wote wawili walijua la kufanya. Tulinunua sokoni viroba vitupu na kamba ya katani. Viroba vikakunjwa, vikawekwa kila pahali pete inapogusa rangi. Kamba ikapita juu ya shitingi kila baada ya mita moja hivi, ikazunguka chini, ikafungwa kwenye chuma cha tela, si kwenye boti. Katikati tukasimamisha mti ili nguo ipate mgongo, isilale. Mbele kabisa tukaacha pembe moja inayofunguka haraka kwa ajili ya barieri. Tukifika tu, naruka, nafungua, wanachungulia, nafunga. Mpaka Kiliba, mpaka Uvira, shitingi haikulia tena, ingawa shofa naye alikuwa haendi mbio. Kwa hiyo sijui ni kamba au ni mguu wake.

Mama alitungojea ufukoni na watu wake. Akaizunguka boti polepole, akasifu kioo, akasifu usafi wa ndani, halafu mkono wake ukasimama kwenye ile alama. "Na hapa pameumwa na nini?"

Fundi alimweleza yote, jiwe na pete. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akahesabu pesa, akazuia dola 50. "Hizi utazichukua ukija na kopo la rangi, baba." Alikwenda nalo wiki iliyofuata.

Nikarudisha kizibo, boti ikaingia majini. Wakati tunakunja vitu, Mama akaiona shitingi, akaitaka ya kuanikia ndagala, dagaa wa Tanganyika. Shofa akataja dola 15. Mama akaiinua juani, akapitisha kidole kwenye tundu la Ngomo, akasema 5. Waliachana kwenye 8, na viroba vyetu juu.