Jirani, zamu ya kufua na wakimbizi wa vita

Jengo letu hapa St. Gallen, Uswisi, lina mashine moja ya kufulia, iko chini kabisa, na ratiba imebandikwa ukutani. Mimi zamu yangu Alhamisi. Juzi nashuka na kapu langu, namkuta mama mmoja wa ghorofa ya tatu, mtu mzima wa kupewa shikamoo, keshaijaza nguo zake. Nikamwambia kwa adabu zote kwamba leo ni siku yangu. Hakubisha. Alichonijibu ni kwamba nchi yao imebeba wakimbizi tangu enzi za vita na sasa inatosha.

Jamani, mimi si mkimbizi. Nimekuja na mkataba wa kazi, nauguza wazee wao, nakatwa kodi kabla mshahara haujanifikia, na bima ya afya nalipa mwenyewe kila mwezi. Hiyo bima, kwa faida ya vijana mnaonitumia ujumbe "dada nifanyie mpango": ni lazima, haiangalii mshahara wako mdogo au mkubwa, na kwa mwezi mmoja inakula hela ambayo Arusha unapangia nyumba nzima. Piga hesabu hiyo kwanza ndipo uulize habari za theluji.

Lakini lililonikera zaidi ni hilo la vita. Ni kweli, Uswisi haikuingia hata moja ya vita mbili kuu za dunia. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, ilijikuta imezungukwa na Hitler na Mussolini karibu pande zote. Chakula kikawa cha mgawo, bustani za mjini zikalimwa viazi, mkuu wa jeshi, Jenerali Guisan, akapanga kuupeleka ulinzi milimani. Kwa hofu ile siwacheki. Na watu wengi kweli walipata hifadhi. Ukijumlisha na askari wa kigeni waliozuiliwa humu, wanakaribia 300,000 kwa vita nzima. Nchi yenyewe ilikuwa na watu kama milioni nne. Si haba.

Sasa upande ambao jirani hakuusema. Mwaka 1938 Uswisi ilikubaliana na Berlin kwamba pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zigongwe herufi J (ya Jude, yaani Myahudi), ili askari wa mpakani amjue mapema wa kumrudisha. Agosti 1942 mpaka ukafungwa: anayekimbia kwa sababu ya kuwa Myahudi tu hakuhesabiwa mkimbizi. Mwezi huohuo waziri wa sheria na polisi, Eduard von Steiger, akaifananisha nchi na mashua ya uokoaji iliyokwisha kujaa. Tume ya wanahistoria iliyoundwa baadaye na serikali yao wenyewe, ya Profesa Bergier, ilitaja zaidi ya watu 20,000 waliorudishwa mpakani. Dhahabu nayo haikukosa nafasi: benki kuu ya hapa ilinunua kutoka benki kuu ya Hitler dhahabu ya faranga kama bilioni 1.2, nyingine ikiwa imeporwa Ubelgiji na Uholanzi. Hiyo haikuulizwa visa.

Nasema haya nikiwa na hasira, ila mji huuhuu ndio uliomtoa Paul Grüninger. Alikuwa mkuu wa polisi wa jimbo. Mwaka 1938 na 1939 Wayahudi walikuwa wakivuka kutoka Austria usiku, amri ikasema warudishwe, yeye akawaandikia tarehe za nyuma kwenye karatasi ili waonekane waliingia kabla ya amri. Mamia kwa mamia wakapona. Malipo yake: kufukuzwa kazi mwaka 1939, kutiwa hatiani mwaka uliofuata, pensheni kwaheri, na uzee wa kuungaunga hadi alipofariki 1972. Mahakama ikamsafisha 1995! Leo uwanja wa klabu ya Brühl, ambayo aliichezea ujanani, una jina lake. Mwanangu hupita hapo akienda shule, na nimemweleza yule ni nani, maana darasani hawajafika huko.

Kwetu hakuna aliyepewa nafasi ya kuchagua upande. Vita ya kwanza babu zetu walibebeshwa mizigo ya Wajerumani na ya Waingereza hadi wakafia njiani. Ya pili, babu yangu mzaa mama alikwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kupigana na Wajapani ambao hawakuwahi kumkosea. Na bado tulipokea watu. Wa Arusha mnapajua Tengeru. Kuanzia 1942 waliletwa pale Wapolandi kama 5,000, wengi akina mama na watoto, waliotolewa kwao na Stalin, wakapitia Siberia na Iran mpaka chini ya Mlima Meru. Sawa, aliyeamua ni Mwingereza, Wameru hawakuulizwa. Lakini wale watu walijengewa vibanda, shule na kanisa, wakakaa miaka, na makaburi yao yapo hadi leo.

Mimi hapa kibali changu cha kuishi ni B, cha muda, kila kikikaribia kuisha naanza kukusanya makaratasi upya, na C, ile ya ukaazi wa kudumu, naisikia kwa wenzangu. Wale wa Tengeru sijamsikia mzee yeyote wa Kimeru akiwadai hata zamu ya kisima.