Kumbukumbu ya mradi: kadi za "run" zimefika 112

Wiki ya 1
Nilianza kama mchezo tu. Kila nikikutana na neno "run" kwenye chochote cha Kiingereza nachosoma, naandika sentensi yake kwenye kadi na nyuma naandika Kiswahili chake. Nilijua run ni kukimbia basi, nikapiga hesabu kadi 20 zinatosha. Kumbe! Siku tatu tu zimeisha.

Iliyonikata ngebe ni kadi ya saba, "She ran a bath". Nikaandika fasta: alikimbia kuoga. Aisee. Maana yake alifungulia maji yajae kwenye bafu la kujilaza, hakuna mbio hapo, labda za maji. Kosa sijalifuta, nimelipiga mstari mwekundu tu libaki linanicheka.

Wiki ya 3
Nimepata nadharia, na nilivyoipata nilijiona profesa kabisa. Run ni kitu kinachoenda chenyewe ukishakiachia: maji ya bomba, mto, kamasi puani, rangi ya nguo inapochuja, injini, programu kwenye kompyuta. Hata ule mchaniko kwenye soksi ndefu za kike, Marekani wanauita run kwa sababu uzi mmoja ukikatika wenzake wanaachia mmoja mmoja mpaka chini. (Uingereza ule ule wanauita ladder, yaani ngazi, na ukiuangalia ni ngazi kweli.)

Na "run on the bank" nikaandika watu kukimbilia benki huku najua nimechemka tena, kumbe ndo hivyo hivyo, wateja wanakimbilia kutoa hela zao wote kwa mpigo wakihofia benki itafilisika.

Wiki ya 4
Nadharia imekufa. Imeuawa na "run for president", maana mgombea haendi mwenyewe, anahangaika mpaka sauti inakauka. Ila hii kadi naipenda kuliko zote: Mmarekani akitaka cheo anakimbia, Mwingereza akitaka ubunge wanasema "stand", anasimama, halafu sisi tunagombea, yaani tumeshaanza kuvutana kabla hata kura hazijapigwa.

Halafu "we've run out of time". Kwa Kiingereza waliokimbia ni sisi, kwa Kiswahili muda ndo umeisha, au tumeishiwa muda, sisi tumekaa tu tunafanyiwa. Hapa nilikwama siku mbili nzima nahamisha kadi kutoka fungu hili kwenda lile.

Wiki ya 6
Nikaenda kuchungulia wakubwa wamefanyaje. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lililoongoza kwa urefu lilikuwa "set", lenye maana kama 430. Sasa hivi run imelipita, kitenzi peke yake kina maana 645, na mhariri aliyeishughulikia, Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa, neno moja la herufi tatu, na hiyo ni kazi yake ya mshahara! Nikaacha kujilaumu.

Wiki ya 7
Nilikuwa nawasimanga Waingereza kwamba neno moja wanalibebesha mizigo yote, mpaka nikajisikia mwenyewe nasema ngoja nipige mswaki kisha nipige simu. Nikatulia. Piga picha, piga pasi, piga deki, piga kura, piga magoti, piga chafya, piga mbizi, piga hodi... anayepigwa ni nani hapo? Mtu anayejifunza Kiswahili akikutana na piga pasi si atadhani pasi imekosa adabu.

Hali ilivyo leo: kadi 112, mafungu matano, na fungu la tano nimeliandika "sijui" ambalo lina kadi 14, "run a fever" (kuwa na homa) ikiwa juu kabisa. Kadi nyeupe zilizobaki nimezianzishia piga. Zimeshafika 38 na bado sijamaliza vitu vya jikoni.